Kitabu kilichosomwa na watu tisa na hakipo kwa mtu yeyote

Jumapili moja ya mwezi wa tano tulikuwa tumekaa sebuleni kwa Mama mmoja pale Kamalondo, Lubumbashi, grupu letu la kusoma, watu kumi na moja, chai mezani, na kwenye apu ya vitabu telefone zetu zote zilikuwa zinasema jambo lilelile: riwaya ya Tram 83, wasomaji tisa, wote wamebonyeza "nimemaliza". Walibaki wawili tu. Mmoja wao ni Yaya, yaani dada mkubwa, anayeuza vitambaa soko la Kenya (komini yetu ya Lubumbashi, si ile nchi), na yeye akauliza swali dogo. "Sawa, bote mumesoma. Sasa kitabu yenyewe iko ku nani?"

Kimya. Mwalimu akamwangalia nesi, nesi akamwangalia kijana wa kompyuta, kijana akaangalia telefone yake kama vile jibu lingetoka humo. Halikutoka. Nakala tulikuwa nayo moja tu, tulichanga kuinunua, na apu ilikuwa inajua kila kitu juu ya sisi wasomaji, nyota tulizotoa, tarehe tulizomaliza, asilimia tulizofikia, ila kitabu kiko nyumba gani haikujua.

Naandika kisa hiki chote juu watu wananiuliza kila mara apu gani ya vitabu ni nzuri kwa grupu la kusoma, na siku hizi kabla sijajibu nawauliza kwanza nakala mnazo ngapi.

Mwanzoni tulikuwa na kaye. Daftari la kawaida la shule, mistari, miraba minne kila ukurasa: jina la kitabu, aliyechukua, tarehe, amerudisha. Mimi njo nilikuwa nalishika, zamani nilifanya kazi kidogo kwenye biblioteki ya shule kwaiyo waliniachia. Sheria ilikuwa moja, ukimpa mwenzako kitabu bila kupitia kaye unaleta biskuti mkutano unaofuata, na niseme ukweli tulikula biskuti nyingi sana miaka ile lakini hatukupoteza kitabu hata kimoja. Alafu mvua ya mwezi wa kwanza ikapita kwenye paa langu, kaye likalowa, wino wa kalamu ukatembea ukurasa mzima, na kijana wetu anayesoma informatiki chuoni akasema hii ndiyo nafasi, tuachane na makaratasi. Wazee hawakubisha. Mi mwenyewe nilifurahi, nilikuwa nimechoka kuandika.

Apu na tovuti za wasomaji kuandika vitabu vyao ziko nyingi, na kijana alitupitisha jioni nzima. LibraryThing ya Tim Spalding ilianza 2005, ile ni ya watu wanaopenda kupanga vitabu vyao kama katalogi ya kweli. Goodreads ilifunguliwa 2007 na Otis Chandler na Elizabeth Khuri Chandler, Amazon wakainunua 2013, na ndiyo iliyofundisha dunia mambo ya rafu tatu: nataka kusoma, nasoma, nimesoma. Wafaransa wana Babelio yao, nayo ya 2007. The StoryGraph aliianzisha Nadia Odunayo wa Uingereza, na sehemu kubwa ya programu aliandika peke yake, kitu ambacho kijana wetu alikirudia kama mara nne hivi kwa heshima kubwa. Tulichagua moja, jina lake nitaliacha, juu nitakayoyalalamikia hapa mengi yalitokana na sisi kuipa kazi isiyo yake.

Kuingiza vitabu kulichukua wiki mbili. Tulikuwa na vitabu 63. Vyenye bakodi nyuma ilikuwa raha, unaelekeza kamera, pii, kimeingia na picha ya jalada. Hivyo vilikuwa 38. Vile 25 vilivyobaki njo vilitufundisha.

Kwanza kulikuwa na vile vya zamani vya kununua kando ya barabara mjini, vina ISBN, ile namba ya kimataifa ya kitabu, ya tarakimu kumi badala ya kumi na tatu, juu tarakimu kumi na tatu zilianza tarehe 1 Januari 2007. Nesi akawa anaandika namba kwa mkono na kimoja kikawa kinakataa, akaandika mara tatu, kikakataa mara tatu. Nikaenda kuangalia. Mwisho wa namba kulikuwa na X na yeye alikuwa anairuka, alidhani ni doa la mashini. Kumbe ile X ni kumi. Tarakimu ya mwisho ya ISBN ni ya kukagua zile za mbele, na katika hesabu ya zamani jibu linaweza kutoka kumi, kumi haiingii mahali pa tarakimu moja, kwaiyo wanaweka X ya Kirumi. Akaiandika, pii, kikaingia. Alifurahi kupita alivyofurahia kitabu chenyewe baadaye.

Alafu vitabu vya waandishi wa hapa, vilivyopigwa kwenye taipografi ya mtaani, ISBN hakuna kabisa. Hivyo unaingiza kwa mkono, jina, mwandishi, kurasa, na picha ya jalada unapiga mwenyewe mezani, ndiyo maana jalada moja pale kwenye intaneti mpaka leo lina kona ya kitambaa cha meza cha Mama.

Na kulikuwa na andiko la André Yav, historia ya mji wetu, imeandikwa 1965 kwa Kiswahili cha hapahapa, wakati mji bado unaitwa Élisabethville. Mwalimu analo, amelitoa kwenye intaneti akaliprinti. Lenyewe limezaliwa kabla ya hizi namba za ISBN, na ukienda na ISBN unafika kwenye kitabu cha 1990, ambacho jina la mbele ni la Johannes Fabian, yule mwanaantropolojia aliyelichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo yake. Fabian hakumficha Yav, jina lake liko kabisa kwenye kichwa kidogo cha kitabu. Ila kwenye telefone kichwa kidogo kinakatwa na mwandishi anabaki mmoja. Mwalimu alikasirika sana, "Huyu mzee ametuandikia mambo ya babu zetu, na sasa anakuwa sawa ni kichwa ya habari ya mwingine!" Kijana akafungua ukurasa mpya, mwandishi André Yav, 1965. Kwenye lugha tukaweka Kiswahili tu, ingawa katika ISO 639-3, orodha ya kimataifa ya vifupisho vya lugha, Kiswahili cha Kongo kina herufi zake, swc, ila apu haikuwa na mahali pa kuziweka. Lakini hapo niisifu, kuongeza kitabu kisichojulikana ilikuwa dakika tano, na sasa mtu yeyote anaweza kukikuta.

Fotokopi ndizo zilikuwa kichekesho. Huku fotokopi tunasoma nyingi, wapende wasipende, na ukitaka kuokoa pesa unatoa kurasa mbili kwenye karatasi moja. Yaya alikuwa na riwaya ya kurasa 224 kwenye karatasi 112 zilizofungwa kwa spirali, na mwenye fotokopi alikuwa ameziandika namba upya kwa kalamu. Yaya akafika mwisho akaandika kwa uaminifu, "niko ukurasa wa 112." Apu ikamwambia hongera, umefika nusu. Alikaa siku mbili anatafuta nusu ya pili. Mpaka leo tukitaka kumchokoza tunamuuliza.

(Na yeye njo yule ambaye kwenye mahali pa kuishi aliandika "Kenya" akawekewa bendera ya Nairobi. Amekataa kuitoa, anasema inamletea marafiki.)

Sasa challenge ya mwaka. Unajiwekea vitabu vingapi utasoma, apu inakuhesabia na kukwambia uko mbele au nyuma ya ratiba. Kwa mtu mwenye rafu yake au anayenunua vitabu vya kidijitali sioni ubaya. Kwa watu kumi na moja wenye nakala mojamoja, hesabu hiyo inapima foleni. Wa kwanza kwenye foleni siku zote yuko mbele ya ratiba, wa mwisho siku zote yuko nyuma, na wa mwisho alikuwa Yaya, juu anaishi mbali na anafunga duka saa kumi na mbili. Kila akifungua telefone anaambiwa amechelewa vitabu vinne. Kufika mwezi wa tatu watu wakaanza kuingiza vitabu vya katekisimu vya watoto, mmoja aliingiza maelekezo ya friji, alisema ina kurasa 48 na amezisoma zote. Tukafunga mambo ya challenge bila mkutano.

Kitu kilichofanya kazi vizuri sana, na sikukitegemea, ni ile rafu ya "nataka kusoma". Kwenye kaye hakukuwa na mahali pa kuandika unachotamani. Sasa kila mtu akawa anajaza, na kijana akakaa akalinganisha orodha zote, akaona kuna vitabu vitatu ambavyo watu zaidi ya watano wanavitaka bila kuambizana. Mtu alipoenda Kinshasa tukampa pesa na majina matatu, akaleta viwili. Zamani tulikuwa tunanunua kile ambacho Mwalimu amesema kwa sauti kubwa.

Nyota zilituletea matata, na hapa nitakaa kidogo.

Kuna Papa mmoja mwandishi wa Katuba, komini nyingine ya hapa, amechapisha kitabu chake mwenyewe kwa pesa zake. Tulikisoma, tukakiingiza, watatu wakatoa nyota: mbili, mbili, tatu. Wastani 2.33. Kwa kitabu chenye wasomaji laki moja, watu watatu kama sisi ni tone baharini, hawaonekani. Lakini kitabu hiki duniani kote kilikuwa na nyota zetu tatu tu. Sisi njo tulikuwa dunia. Mpwa wake akalitafuta jina la mjomba kwenye Google, akamwonyesha, na Papa mwandishi akaja Jumapili iliyofuata, amevaa suti, hakualikwa na mtu, akapiga hodi.

Mama akampa kiti na chai. Alikunywa kikombe kizima kabla ya kusema chochote, akauliza habari za kila mtu, watoto, kazi, alafu akasema, "Banangu, mi nilikutana na nyinyi hapa kanisani kila siku. Mbona mulienda kuniambia ku Amerika?"

Sina jibu la maneno hayo hata leo. Nesi, ambaye alitoa mbili, alijikaza akamweleza usoni kwake: sura tatu za kwanza ni hotuba, hadithi inaanza ukurasa wa 60, na kuna mhusika anakufa alafu anakula chakula cha jioni sura ya mbele. Papa akacheka! Habari ya yule mhusika alikuwa haijui, ni mpanga herufi aligeuza sura. Wakazungumza saa nzima. Baada yake tukabishana kama nyota zifutwe, na wengi wakashinda, zikafutwa, yakabaki maneno tu. Mi nilikuwa upande wa kushindwa na bado naona tulikosea, nyota mbili za nesi zilikuwa za haki, kilichokosekana ni yeye kupita Katuba kwanza. Ila naelewa. Mtu akikukosoa ana kwa ana ameanza na jambo sana na habari za nyumbani, nyota inakuja bila salamu.

Turudi kwenye Tram 83. Riwaya ya Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa mji huu, aliyezaliwa 1981, ilitoka Paris 2014, mwaka uliofuata ikatoka Marekani kwa Kiingereza, tafsiri ya Roland Glasser. Nataja matoleo mawili kwa sababu. Apu kama hizi kwa kawaida zinajua ngazi mbili. Kuna kazi, yaani Tram 83 kama Tram 83, lugha yoyote. Chini yake kuna toleo, ile ya Paris, ile ya Marekani, kila moja na ISBN yake na jalada lake. Ukitoa nyota inapanda mpaka kwenye kazi, ndiyo maana msomaji wa Kiingereza na wa Kifaransa wanachangia wastani mmoja. Hii ni akili nzuri, inatoka kwa watu wa biblioteki, na wao mwaka 1998, kupitia IFLA, shirikisho lao la kimataifa, walipoandika mpango unaoitwa FRBR wa kupanga katalogi, waliweka ngazi nne, na ya chini kabisa ni nakala: hiki hapa, chenye doa la chai ukurasa wa 31, ambacho kikiwa kwako hakiko kwangu. Apu nyingi za wasomaji zimekata mguu huo wa mwisho. Hazikukosea, zimetengenezwa zikidhani kila msomaji ana kitabu chake, na kama kila mtu ana chake, nakala ya nani iko wapi si swali. Kwetu njo swali lenyewe. Pale wanahesabu mtu amesoma vitabu vingapi, huku kitabu kimesomwa na watu wangapi.

Tukajaribu kufuata nyayo kwa tarehe za "nimemaliza". Upuuzi. Watatu wamemaliza siku moja, saa moja, juu siku hiyo kijana alikusanya telefone akawabonyezea. Mwalimu anaonekana kamaliza tarehe 11 mwezi wa tano na alimaliza mwezi wa tatu, alikosa mega za intaneti tu. Nesi anasema alimpa fundi, fundi anasema alimpa nesi, na wote wawili walikuwa wakweli, nesi alikichukua mara mbili kurudia sehemu aliyoipenda. Mwisho kabisa minyororo yote ikaishia kwa Mama mwenye nyumba, hapo hapo tulipokaa. Aliweka juu ya televisheni. Juu ya televisheni hakipo.

Tuliwauliza wote tisa. Tuliwauliza na wale wawili ambao hawajasoma. Hatukumuuliza binti wa Mama, miaka 17, aliyekuwa anatuletea sukari, juu hakuwa kwenye orodha. Yeye hana telefone, anatumia ya mama yake, na kwenye apu akaunti ni moja, msomaji ni mmoja. Na Tram 83 kwa wasiokijua inatokea kwenye kabare la usiku katika mji wa migodi, si kitabu ambacho binti wa Kamalondo anamwambia mama yake "nimekisoma". Alikichukua juu ya televisheni, akakisoma usiku, akampa rafiki yake wa Ruashi. Mambo haya tuliyajua mwezi wa nane, rafiki aliporudisha, jalada limeshonwa kwa uzi mweusi na limefunikwa nailoni vizuri kuliko tulivyokuwa nalo sisi. Mama alinyamaza dakika nzima. Alafu akamuuliza binti amekionaje.

Sa hivi tumerudi kwenye kaye, jipya, liko ndani ya mfuko wa plastiki. Kila kitabu kina namba ndani ya jalada kwa kalamu, na biskuti zimerudi. Kijana hakukubali kushindwa, ametuwekea vitabu vyetu pia kwenye Inventaire, ambayo ni programu huru, inatumia data za Wikidata, hazina ya data huru, ndugu wa Wikipedia, na inaanza na kitu ulicho nacho mkononi: una hiki, unaazimisha, unauza au unatoa bure. Inafanana na maisha yetu. Kuna na BookCrossing ya tangu 2001, kila nakala inapewa namba yake na unaifuata inapokwenda, ila ile ni ya watu wanaoacha vitabu kwenye benchi za bustani, mi kitabu cha kuchangia siwezi kukiacha kwenye benchi. Ile apu ya kwanza wanaoipenda wameibakiza kwa ajili ya rafu ya "nataka kusoma", na kabla ya hapo tulitoa data zetu zote kwenye faili la CSV, yaani jedwali la kawaida, tukaliweka mahali, fanya hivyo mapema, usingoje ugomvi.

Kwenye kaye jipya mstari wa kwanza ni namba 17, Tram 83, Yaya wa Kenya, tarehe 7 mwezi wa tisa. Alikirudisha baada ya wiki tano, alivuka muda na biskuti alileta. Akakiweka mezani akatuzungusha macho mmoja mmoja.

"Bantu kumi mulisoma hii kitabu. Nyota tano, nyota ine, nyota tano. Na hakuna hata mumoja alinambia kama ni mambo ya kabare? Nilikuwa naisomea ku soko, kwa sauti, mbele ya mama mukwe!"